Panga la Kipara

Ukimwona Kipara kwa mara ya kwanza utadhani waliompa jina hilo walikuwa vipofu. Nywele anazo, tena nyingi, nyeupe, zimesimama kama brashi ya viatu. Kipara chake hakikuwa kichwani. Kilikuwa kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko.

Alikuwa mwuza nyama, na kwa miaka yote aliyouza nyama alikuwa na mchezo wake. Akimaliza kunoa kisu, na wateja wakiwa wamejaa mbele ya kaunta, anakunja mkono wa shati na kupitisha makali juu ya ngozi, bila maji wala sabuni. Kisha anageukia mlangoni, anapuliza, na vinyweleo vinapeperuka kwenda zake barabarani. "Hicho ndicho kisu," anasema. "Vingine vyote ni vijiko." Wateja wanacheka. Mkewe alimkanya mara nyingi kwamba duka la nyama si kinyozi, lakini ni nani aliyewahi kumkanya Kipara jambo linalochekesha watu akasikia?

Maana hicho ndicho alichokipenda kuliko pesa. Kuna watu wanaouza nyama ili wale, na kuna Kipara, aliyeuza nyama ili apate watu wa kuwachekesha. Bucha lake lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe hadi usawa wa bega, mizani moja, kulabu juu, feni yenye kelele, na katikati gogo la kukatia lililoliwa na mapanga hadi likawa na bonde. Asubuhi watu walisimama hapo hata kama hawanunui. Fundi saa wa duka la jirani alikuwa haanzi kazi mpaka apite kwa Kipara acheke kidogo. Alisema saa zinatengenezeka vizuri zaidi kama fundi amecheka.

Na kisa kilichochekesha kuliko vyote kilitundikwa ukutani.

Lilikuwa panga la mifupa, zito, pana kama kitabu cha dini, lenye mpini mweusi uliolainika kwa kushikwa. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mizani, mahali ambapo kila anayeingia lazima alione, na katikati ya makali yake palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mteja mgeni akiliangalia tu, Kipara anaweka chini kisu alichoshika. "Unaliona hilo?" anauliza, uso mkavu. Kipara hakuwahi kucheka kwenye visa vyake mwenyewe, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. "Hilo ni kazi ya binti yangu. Alipiga mara moja tu. Mfupa ukabaki mzima, panga likang'oka jino." Fundi saa, kama yupo, ndiye anayemalizia: "Na mfupa ukamwambia pole!" Duka zima linaanguka kwa kicheko.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alipokuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, alikuwa anashinda bucha kutwa. Alifuta kaunta, alipima, alifunga, na kila siku aliomba jambo moja: aruhusiwe kukata. Kipara alisema kesho, na kesho yenyewe akasema kesho. Asubuhi moja Kipara akiwa machinjioni, akaja mteja anataka mfupa wa mguu upasuliwe, ana haraka. Binti akalishusha panga kwenye ndoano yake, akapiga. Baba aliporudi alimkuta amesimama kando ya gogo, machozi yanamtoka, na kipande cha chuma kimelala katikati ya kiganja chake.

Kipara hakumpiga. Hakumfokea hata kidogo, na kwa hilo alijisifu miaka mingi. Alicheka. Alicheka mpaka akashika gogo. Kisha akapigilia msumari ukutani, akalitundika panga, akanunua jingine la kazi. Mimi naona heri angemfokea. Kufokewa kunaumiza siku moja na kuisha, lakini kisa kizuri hakiishi, kinakua. Mwaka wa pili mfupa wa mguu wa ng'ombe ulikuwa umegeuka wa mbuzi. Baadaye ukawa wa kuku. Kipara akajifunza kuiga jinsi binti alivyolia, midomo imepinda, kiganja kimenyooshwa mbele. Watu wakaanza kumwita binti Pengo. Waliosikia jina kabla hawajamwona walimtazama mdomoni kwanza, wakashangaa kukuta meno yote yapo, yamepangika vizuri.

Hakuomba tena kukata. Baba yake akadhani hamu imemwisha. Alipoolewa, Kipara alisimama mbele ya wageni, akakisimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kilio akakiiga. Wageni walicheka, bwana harusi alicheka, wakwe walicheka mpaka wakafuta macho. Bibi harusi naye alicheka, mkono umeziba mdomo, kama ilivyokuwa kawaida yake. Baba yake alifurahi kuona amelea mtoto mwenye haya.

Baada ya hapo akahamia upande mwingine wa jiji. Huko alikuwa ameshapata kazi, kabla hata ya harusi, kwenye kampuni inayopeleka nyama kwenye mahoteli. Kipara alilipokea hilo kwa majivuno. Moja kwa moja, kichwani mwake, alimweka ofisini, nyuma ya meza, kompyuta mbele, kiyoyozi juu. "Mwanangu anauza nyama kwa vidole viwili," aliwaambia wateja, akibonyeza hewani. "Panga hashiki tena, wamwogope."

Basi miaka ikaenda, na mkono wa kulia wa Kipara ukaanza kutetemeka.

Mwanzoni aliisingizia feni. Halafu akakata mbavu zikatoka pana huku na nyembamba kule, na mama mmoja aliyekuwa mteja wake tangu zamani akamwambia kwa upole, "Nipe tu kipande kizima, nitakata mwenyewe nyumbani." Hilo lilimwingia kuliko maneno ya daktari, ambaye alimwambia waziwazi kwamba mkono hautarudi kama ulivyokuwa. Mchezo wa kujinyoa ukakoma wenyewe. Vinyweleo vikaota kwenye mkono wa kushoto, vyeupe, na kipara cha Kipara kikabaki jina.

Mwenye chumba alikuwa tayari ana mtu wa duka la simu anayekitaka. Vigae vingebomolewa, gogo lingekwenda kuwa kuni. Kipara hakulala vizuri tena. Jambo moja tu lingemtuliza: binti arudi, achukue bucha. Atafute vijana wa kukata, yeye asimamie, na mzee akae pembeni kwenye stuli akichekesha watu mpaka siku yake ifike. Akampigia simu.

"Nitakuja Jumapili, baba," akasema binti. "Tuzungumze ana kwa ana."

Kipara aliweka simu chini akiwa na hakika. Mtu anayekataa hukatalia palepale, aliwaza, anayekuja amekubali. Akamwambia mkewe wanunue aproni mpya.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Akiingia pale dukani," akasema, "kitu cha kwanza atakachokiona ni nini?"

"Ataniona mimi."

"Wewe unakaa chini ya panga, mume wangu."

Kesho yake Kipara alilishusha panga kutoka kwenye msumari. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa imebaki mpya, umbo lilelile la panga, kama kivuli kilichosahauliwa. Akalifunga kwenye gunia na kwenda nalo kwa fundi wa mageti.

Fundi wa mageti alikuwa hasikii vizuri. Kelele za vyuma zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kama anayemwita ng'ambo ya barabara. Karakana yake ilikuwa uwanja wenye bati juu, mabomba yameegemezwa ukutani, na mashine ya kunolea imefungwa kwenye benchi. Alilipokea panga, akapangusa vumbi kwa paja la suruali. Kipara, kwa mazoea, akaanza.

"Unaliona hilo? Hilo ni kazi ya binti yangu. Alipiga mara moja tu..."

Fundi hakuwa anasikiliza. Alikuwa amelielekeza panga kwenye mwanga na kufumba jicho moja. Akapitisha dole gumba kwa kukatisha makali, taratibu, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha akarudi kwenye pengo, akatulia hapo.

"NANI ALILINOA HIVI?" akauliza. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akageuka.

"Mimi," akasema Kipara.

"WEWE? Na hili ni panga la mifupa?"

"La mifupa, ndiyo."

"Mzee, hili umelinoa kama wembe! Angalia." Akampa alishike. "Panga la mifupa makali yake yanatakiwa yawe na nyama. Yawe na mabega, unene wa kuyabeba kwa nyuma. Haya yamekondeshwa mpaka hayana kitu nyuma. Ulikuwa unakatia nini, karatasi?"

"Nilikuwa najinyolea," akasema Kipara. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

"Basi ungebaki kujinyolea! Hili likipiga mfupa wa mguu lazima limeguke. Hata ningepiga mimi. Hata wewe mwenyewe."

Kipara alisimama na panga mkononi. Makali yalikuwa yaleyale ya siku ile, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyelinoa wala kulitumia. Alikuwa ameutundika ushahidi ukutani kwake mwenyewe, akauonyesha kwa kidole kwa miaka yote hiyo, na hakuwahi kuusoma. Ndipo akakumbuka jioni iliyotangulia siku ile. Fundi saa alikuwa amembishia. Alisema visu vidogo vinaweza kunyoa, lakini panga zito kama lile, haiwezekani. Kipara akakaa na jiwe tangu alasiri, akalisugua panga upande huu na upande ule, makali yakakonda, yakakonda, mpaka giza lilipoanza kuingia akaukunja mkono wa shati mbele ya watu na kunyoa njia nyeupe hadi kiwiko. Walimpigia makofi. Alikusudia kuyarudisha makali kesho yake asubuhi kabla hajaanza kazi. Lakini asubuhi alikwenda machinjioni.

Alisahau. Au tuseme kusahau kulimfaa, maana aliporudi akamkuta mtoto analia, kisa kilikuwa kimeshaiva, na kisa kizuri hakina nafasi ya mambo kama hayo.

"Linatengenezeka?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie.

Linatengenezeka, fundi akapiga kelele, lakini pengo halizibwi. Huwezi kuchomelea chuma ukasema umelirudishia jino. Lazima makali yote yashuke mpaka chini ya pengo, mwanzo hadi mwisho, halafu uanze makali mapya hapo. Akachukua chaki, akapiga mstari ulioanzia kwenye kitako cha panga, karibu na mpini, ukapita chini kabisa ya pengo, ukaishia puani, kwenye ncha yake. Chuma chote cha juu ya mstari kilikuwa cha kutupwa. Kwa sababu ya pengo la ukucha mmoja, panga zima lipungue upana. Kipara aliutazama mstari ule akaona ni haki.

Walifanya kazi pamoja. Fundi alilipeleka panga kwenye jiwe la mashine kidogo kidogo, cheche zikiruka, na kila baada ya kitambo alilitoa na Kipara akalimwagia maji, kwa sababu chuma kikipata moto sana kinalegea, hakishiki makali tena. Likipoa linarudi. Pengo lilipungua, likawa kama punje ya mchele, likawa alama, likaondoka. Fundi akafanya makali mapya, mafupi na manene. Kumalizia akamwachia mwenyewe. Kipara akalirudisha dukani, akalowesha jiwe lake, akaanza kulisugua. Mkono ulitetemeka, jiwe likatoa sauti ya kukwaruza isiyo na mpangilio. Aligundua akibonyeza kwa mikono yote miwili mtetemeko unapungua. Kila makali yalipoanza kupendeza, mkono wake ulitaka kuendelea, yakonde zaidi, yang'ae zaidi. Ule ulikuwa ugonjwa wake. Safari hii aliacha mapema.

Alipanga maneno. Angemwambia binti kila kitu, kabla hata hajakaa. Halafu angempa mfupa wa mguu, auweke kwenye gogo, apige. Alikuwa amemwekea mmoja mzuri tangu Jumamosi kwenye friji. Pengo limeondoka, kosa limekiriwa, mfupa umepasuka, bucha limepata mwenyewe. Mpango ulikuwa mzuri mno. Mtu anayependa visa hupenda mambo yaishie vizuri.

Jumapili, mlango wa kukunja ukiwa umeshushwa nusu, binti akainama akapita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Karibu kwako."

Binti akatabasamu kidogo kwa neno lile la mwisho. Macho yake yakaenda ukutani, yakakuta msumari mtupu na kile kivuli cha rangi mpya. Yakashuka hadi kwenye gogo, ambako panga lilikuwa limelazwa juu ya kitambaa. Maneno aliyoyapanga Kipara yakamkimbia yote.

Binti akalichukua. Hakulishika kama mgeni anavyoshika panga. Alilipima uzito kwenye kiganja, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja, akapitisha dole gumba kwa kukatisha makali. Kipara aliwahi kuona mtu mmoja tu akifanya hivyo wiki ile, naye alikuwa fundi.

"Limepungua," akasema binti. "Nani amelitengeneza?"

"Fundi wa mageti. Na mimi."

"Makali yana mabega. Safi."

Kipara akatoa mfupa wa mguu, akauweka juu ya gogo. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, hakikuja. Binti aliutazama mfupa, akamtazama baba yake, akaelewa. Akavua saa na pete, akaviweka kwenye sahani ya mizani. Akafunga aproni. Akauzungusha mfupa mpaka ukalala alivyotaka, akausogeza usawa wa kitako cha panga, si katikati wala puani. Akalinyanyua, si juu sana, akaliacha lianguke kwa uzito wake.

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Mfupa ukafunguka pande mbili bila kibanzi hata kimoja. Akaugeuza, akapiga tena, na tena, vipande vikatoka sawasawa kama vilivyopimwa kwa rula. Kipara aliuza nyama tangu ujana wake na alijua alichokuwa anakitazama. Yeye mwenyewe, mkono wake ukiwa mzima, hakuwahi kukata hivyo.

"Umejifunzia wapi?"

"Kazini."

"Kazini si uko ofisini?"

"Sijawahi kukaa ofisini hata siku moja, baba. Wewe ndiye uliyeniweka ofisini." Alikuwa anafuta panga. "Niliingia kama mkataji. Sasa nasimamia chumba chote cha kukatia. Watu wa visu wote wako chini yangu."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Kipara akakaa kwenye ile stuli aliyokuwa amejiwekea kwa uzee wake. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga akajisikia fahari, na fahari ile ikamchoma, kwa sababu hakuwa na haki nayo. "Mama," akasema, "lile pengo hukulifanya wewe. Nililikondesha mimi. Jioni ile, fundi saa alinibishia, nikalinoa mpaka likanyoa. Hata ningepiga mimi lingemeguka."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Wiki yangu ya kwanza kazini. Jambo la kwanza nililofundishwa ni hilo, kwamba panga la mifupa halinolewi likakonda. Nikaukumbuka mkono wako wa kushoto."

Kipara akahesabu kichwani. Wiki ya kwanza kazini ilikuwa kabla ya harusi. "Na ukanyamaza? Ukaniacha nikasimama mbele ya watu wote wale..."

"Ningekuambia, ungenitafutia kichekesho kingine."

Alisema bila hasira, kama anayemtajia mteja bei. Kipara angependa hasira. Hasira angejua pa kuishika.

"Sasa limeisha," akasema mzee, akinyanyuka. "Pengo halipo tena, umeona mwenyewe. Nilikosa, mwanangu, nilikosa sana, na nakuomba. Rudi. Bucha hili ni lako."

Binti akalipitishia macho gogo lenye bonde, kulabu, feni ambayo bado ilikuwa na kelele ileile. Akaweka kiganja juu ya gogo. "Nililipenda bucha hili kuliko kitu chochote," akasema. "Nilikuwa nikilala naota nasimama hapa. Nilipenda mpaka harufu yake. Lakini nikisimama hapa, baba, kila anayeingia ataniita Pengo. Atamleta na mwenzake aje kuniangalia. Hilo huwezi kulipeleka kwenye mashine."

"Nitawakataza."

"Utamkataza nani? Mtaa mzima unakijua. Watoto waliozaliwa juzi wanakijua." Akafungua aproni, akaikunja vizuri. "Kule naitwa Fundi. Kisa hiki hakuna anayekijua. Kule nacheka mdomo wazi."

Mkono wake ulikuwa umeinuka nusu njia kuelekea mdomoni alipolisema hilo, akaushusha. Kipara akauona. Aliuona mkono ule kwa miaka yote, kwenye meza ya chakula, kwenye picha, kwenye harusi, na siku zote aliuita haya. Meno ya mtoto wake yalikuwa mazuri na hakuwahi kuyaona akicheka tangu alipokuwa msichana. Akataka kulia, akaona hata kilio alikwishakiharibu. Alikuwa amekiiga mno.

"Basi lichukue hili, angalau," akasema, akimsogezea panga. "Lilikuwa lako siku nyingi."

Binti akafikiri. Kisha akalifunga kwenye gazeti mara mbili, makali kwa ndani. "Nitalichukua," akasema. "Kule litakuwa panga tu." Akamfungia mama yake vipande viwili vya mfupa, akavaa saa na pete, akamwambia baba yake aje kuwatembelea, asikae mbali. Akainama chini ya mlango, akaenda.

Jumatatu Kipara alifungua duka kama kawaida, kwa sababu hadi mwisho wa mwezi chumba kilikuwa bado chake. Wateja walikuwapo, na kati yao mwanamke mgeni, aliyehamia mtaa ule karibuni, amebeba kikapu. Fundi saa akaingia kutafuta kicheko chake cha asubuhi, akaona msumari mtupu.

"Eh! Panga liko wapi?" Akamgeukia mgeni. "Dada, umechelewa kuhamia. Hapo palikuwa na panga lenye pengo. Binti wa mzee huyu, tunamwita Pengo, alipiga mfupa wa kuku..."

"Haikuwa hivyo," akasema Kipara.

Watu wakamgeukia, wakisubiri kichekesho.

"Lile panga nililiharibu mimi. Nililinoa mpaka likawa wembe, kwa sababu ulinibishia wewe, fundi, na mimi nikataka makofi. Mtoto hakukosa kitu."

Alisema kwa uso mkavu, sauti ya chini, akimtazama fundi saa machoni. Na huo ndio uso aliosimulia nao visa vyake vyote. Fundi saa alimkodolea, kisha akapiga kaunta kwa kofi. "Jamani huyu mzee! Kila mwaka anakiongezea kitu! Sasa eti mimi ndiye niliyelivunja!"

Wakacheka. "Nasema kweli," akasema Kipara, na hilo likawachekesha zaidi. "Nasema kweli, jamani," akarudia, na sauti ikamkatika, na mtu mmoja nyuma akasema hapo kwenye kulia ndipo hasa mzee anapoua. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Yule mwanamke mgeni alisubiri kelele zipungue. Alikuwa na uso mwema, na alitaka naye awe mtu wa mtaa.

"Na huyo Pengo mwenyewe," akauliza, akitabasamu, "siku hizi yuko wapi?"

Kipara alishika kisu. Akaushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie, akainamisha kichwa, akamuuliza anataka kilo ngapi.